Dokta Ziada Arudia Chuo

Habari za Ziada binti Sadallah kurudi Chuo Kikuu cha Ukingo, kule Newala, zilipofika mtaani kwao Masasi, majirani walikuja kumpa mama yake pole.

Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaoingia nyumba yenye mgonjwa. Mmoja alileta mihogo. Mwingine alikaa mkekani, akashusha pumzi, akasema masomo nayo ni bahati, mtoto asilaumiwe. Maana wote walikuwa wanakumbuka kwamba Ziada alikwisha kumaliza chuo hicho hicho, wakala pilau hapo hapo uani. Akaenda Dar es Salaam kusoma zaidi, akaenda Uholanzi kusoma zaidi ya hapo, na sasa, baada ya ndege zote hizo, amerudishwa alikoanzia. Kwa hesabu ya mtaa, mtu anayerudi shule aliyokwisha kuimaliza ana jina moja tu: amerudia darasa.

"Narudi kufundisha, mama," Ziada alimwambia mama yake, Mwanaisha, kwa mara nyingine tena. "Mimi sasa ni daktari."

"Hilo nimewaambia," Mwanaisha akajibu huku akipepeta mchele. "Wakaniuliza, kama ni daktari mbona hakupelekwa Ndanda kwenye hospitali?"

"Si daktari wa wagonjwa, mama. Nimesomea maji. Usimamizi wa maji."

Mwanaisha akaacha kupepeta. Akamtazama bintiye kwa macho ya huruma ambayo hata wale majirani hawakuwa nayo.

"Wamekupeleka Newala ukasimamie maji? Newala? Mwanangu, watu hao wamekuonea."

Ziada alicheka, akamkumbatia, na kesho yake akafunga mabegi akapanda mlima.

Chuo cha Ukingo kimekaa pale ambapo nyanda za Makonde zinakatika ghafla na nchi inaanguka kuelekea bondeni. Ukisimama nyuma ya mabweni, siku isiyo na ukungu, unauona mto Ruvuma kule chini unameta kama utepe. Kuyaona maji kwa macho na kuyakosa kwenye ndoo, hilo ndilo somo la kwanza ambalo chuo kile kilimpa kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa ualimu au wa biashara.

Ziada alilisoma somo hilo vizuri mno. Alipokuwa mwaka wa tatu, bomba la mabweni lilipokauka, aliwaongoza wenzake hadi mbele ya jengo la utawala, kila mmoja na ndoo yake tupu. Wakakaa chini, wakazigeuza ndoo zikawa ngoma, wakaimba wimbo alioutunga yeye mwenyewe akiwa amelala kitandani na shuka chafu:

*Ndoo yangu inalia, nani ataibembeleza?*
*Wakubwa wameoga, sisi twajipangusa.*

Mlezi wa Wanafunzi wa wakati ule, Ladislaus, alitoka akasimama kwenye ngazi, shati lake jeupe limenyooka, akasema, "Wanangu, maji ni mchakato." Kisha akamsimamisha Ziada masomo muhula mzima. Alikwenda kuumaliza kwa mama yake, akiuza maandazi. Katika maisha yake yote, pamoja na Uholanzi, hakuna jambo aliloliona la maana kuliko mgomo ule wa ndoo. Kila alipoomba nafasi ya masomo au kazi alilitaja, na wazungu walilipenda sana.

Kwa hiyo siku aliyoingia chumba cha walimu, Ziada alikuwa amejiandaa kupokewa kwa namna mbili: ama kama shujaa, ama kama adui. Hakupokewa kwa namna yoyote kati ya hizo.

"Shikamoo, Mwalimu," alimwambia Dokta Dastani, Mkuu wa Idara, aliyemfundisha zamani na aliyekuwa bado anavaa koti lile lile la kahawia.

"Marahaba, Ziada. Umekua." Ziada alikuwa na miaka thelathini na mitano. "Ile kazi yako ya mwaka wa tatu uliileta baada ya muda kupita. Usidhani nimesahau."

"Nilikuwa nimesimamishwa masomo, Mwalimu."

"Sababu huwa hazikosekani," alisema Dastani, akamwonyesha kiti cha karibu na mlango. "Sasa, kabla hujakaa, tusaidie. Chupa ya chai ile pale. Mimi sukari mbili."

Walimu wengine wakanyoosha vikombe. Wawili kati yao walikuwa wadogo zake kwa umri, lakini walianza kazi mapema, na kwenye chumba kile umri ulihesabiwa kuanzia siku ya ajira. Dokta Ziada, aliyewahi kuhutubia mkutano wa mataifa kumi na saba kuhusu mito, akamimina chai.

Profesa Ladislaus, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Chuo, alimwita siku hiyo hiyo. Alikuwa amenenepa, mvi zimemkaa vizuri, na shati lilikuwa bado limenyooka. Alinyanyuka akamshika mikono yote miwili.

"Binti yangu! Yule wa ndoo! Niliposoma jina lako kwenye maombi nikawaambia wajumbe, huyu tumchukue. Huyu anayajua maji kwa ndani na kwa nje."

Ziada akaona machozi yanamlenga. Kumbe watu hubadilika.

"Nakupa Kamati ya Maji na Utulivu," Profesa akaendelea. "Mwenyekiti. Maji, kwa sababu umeyasomea. Utulivu, kwa sababu..." akacheka kidogo, "...mchawi mpe mtoto akulelee." Akafungua droo, akatoa ufunguo mkubwa wenye kutu. "Huu ni wa tangi la walimu."

Tangi la walimu lilikuwa nyuma ya jengo la utawala, la saruji, refu kama nyumba, na mlango wake wa chuma una kufuli. Kila wiki boza lilikuja kulijaza, na maji yake yalikwenda kwenye ofisi na nyumba za walimu. Wanafunzi hawakuhusika nalo. Wao walikuwa na bomba lao, linalotegemea pampu yao, na pampu ilikuwa imekufa tangu mwaka wa nyuma. Ilisemekana inasubiri kipuri kutoka ng'ambo. Kwa sasa walinunua maji kwa madumu yanayoletwa na baiskeli.

Ziada aliupokea ufunguo akiwa na nia njema kabisa. Alijiambia kwamba mgomo ni kelele za nje ya mlango. Yeye sasa yuko ndani, na mambo hubadilishwa kutoka ndani. Akaenda kwenye nyumba aliyopangiwa, akafungua bomba la bafuni ili tu aone, na maji yakatoka. Yalitoka kwa nguvu, ya baridi, kama hayana habari kwamba yako Newala. Akaoga ndoo nzima. Kisha, bila kukusudia, akaoga ya pili.

Na jambo la maji ni hili: hayamtishi mtu, hayampi rushwa, humlainisha tu. Mwezi wa kwanza Ziada alikuwa akipita karibu na mabweni anainamisha kichwa kwa aibu. Mwezi wa pili alipita kawaida. Mwezi wa tatu alipita akaona binti mmoja ananawa miguu kwa kata nzima ya maji, akajisikia anasema moyoni, "Watoto wa siku hizi hawana nidhamu ya maji."

Kamati nayo ilifanya kazi. Kikao cha kwanza kilijadili kama jina lianze na Maji au na Utulivu. Cha pili kiliunda kamati ndogo. Katika kikao cha tatu, huku wajumbe wakinywa maji ya chupa, Ziada alipendekeza kipuri cha pampu kifuatiliwe. Dokta Dastani akasema wazo ni zuri ila limekuja kabla ya wakati wake, kwanza wanafunzi waelimishwe. Wote wakaitikia. Ndipo ikaamuliwa kwamba Dokta Ziada aandae semina: Matumizi Bora ya Maji.

Aliiandaa kwa moyo, na picha za mabwawa ya Uholanzi, nchi ambayo shida yake ni maji kuwa mengi. Wanafunzi walijaa ukumbini, midomo imekauka. Aliwaeleza kwamba mtu mwangalifu anaweza kuoga kwa lita tano. Mwishoni akasimama binti mrefu, mwembamba, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alikuwa Shakila, rais wa serikali ya wanafunzi, mtoto wa wakulima wa korosho wa Makote.

"Shikamoo, Dokta. Tumeelewa jinsi ya kuyatumia vizuri. Swali langu ni moja. Yako wapi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Ziada naye akacheka, akasema swali hilo litachukuliwa na kufanyiwa kazi. Alipofika nyumbani hakukumbuka alilichukua akaliweka wapi.

Ikaja Oktoba. Jua likawa kali, mabibo yakaanguka chini ya mikorosho hadi hewa yote ya Newala ikanuka uchachu wake, na wale wenye baiskeli wakaacha kubeba maji wakaenda kubeba korosho, kwani ndiyo msimu. Madumu yakaadimika. Wanafunzi walivumilia wiki moja, na asubuhi ya Jumatatu walimu walisikia ngoma.

Hazikuwa ngoma. Zilikuwa ndoo.

Walikuja kwa mistari, mamia, wakakaa mbele ya jengo la utawala, Shakila mbele yao, wakaimba:

*Ndoo yangu inalia, nani ataibembeleza?*
*Wakubwa wameoga, sisi twajipangusa.*

Ziada, dirishani, alisisimka mwili mzima. Wimbo wake! Ulikuwa hai miaka yote hii, unapita mdomo hadi mdomo kama wimbo wa jando. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na kabla hajafanya lolote akaguswa begani na Profesa Ladislaus.

"Mwenyekiti," Profesa akasema kwa upole, "zamu yako."

Akatoka. Akasimama kwenye ngazi. Kelele zikatulia, nyuso zote zikamgeukia, na Ziada akafungua kinywa akiwa na nia ya kusema jambo la maana, la kutoka moyoni.

"Wanangu," alisema, "maji ni mchakato."

Aliisikia kauli hiyo ikitoka. Hakuna aliyemlazimisha. Ilitoka yenyewe, laini, imekomaa, kama iliyokuwa imekaa mdomoni ikimsubiri apande ngazi.

"Basi na sisi tutausubiri mchakato hapa hapa," akajibu Shakila, na ndoo zikaanza tena.

Ziada akainua mikono. "Sikilizeni! Wimbo huo mnaouimba, nimeutunga mimi! Nilikaa hapo hapo mlipokaa!"

Walimtazama: gauni lake limepigwa pasi, nywele zimeoshwa, ufunguo unaning'inia shingoni. Halafu wakaangua kicheko ambacho hakikuwa hata cha chuki. Kilikuwa cha watu waliozoea.

"Dokta, usichukie," Shakila alisema. "Mwaka jana Dokta Dastani alituambia ni wa kwake. Mwaka juzi, kwenye mahafali, Profesa alisema aliutunga yeye akiwa kijana. Wimbo wenyewe yatima, lakini baba zake hawahesabiki."

Ziada akarudi ndani, masikio yanawaka moto. Profesa alimkaribisha kiti, akamsogezea glasi ya maji.

"Umesema vizuri. Kwa kifupi, kwa upole. Unajua, mimi mwenyewe niliwahi kugoma." Akaegemea nyuma, macho yakawa ya mbali. "Sisi ilikuwa maharage. Maharage yenye wadudu, binti yangu! Niliwaongoza wenzangu mia mbili. Tukayamwaga maharage mlangoni kwa Mkuu. Ah, siku ile! Hata leo nikiwasimulia walimu wapya..." Akatoa leso, akajifuta jicho, kweli kweli.

"Na baadaye mlipata maharage mazuri, Profesa?"

"Sijui. Mimi nilipata kazi."

Ziada aliitazama ile leso. Alimwona mtu mwema, mwenye moyo laini, anayeupenda ujana wake kuliko vijana walioko nje ya dirisha lake. Tena akajiona yeye, mvi zimemkaa vizuri, anamsimulia mwalimu mpya habari za ndoo, analia kidogo, kisha anaagiza chai. Hakuna kitu maishani kilichowahi kumtisha kiasi kile.

Akasimama.

"Profesa, nakwenda kufungua tangi."

Profesa akatabasamu. Maisha yake yote ya usomi alikuwa ameishi katikati ya watu wanaofungua mijadala, kurasa mpya na milango ya fikra.

"Fungua, mwanangu," akasema kwa hisia. "Fungua. Ndiyo tunachohitaji."

Ziada akapita mlango wa nyuma, akaingiza ufunguo, akalisukuma lile lango kwa bega mpaka likalia. Kisha akamwita Shakila.

Hapakuwa na fujo. Wanafunzi walipanga mistari bila kuambiwa, maana foleni ya maji walikuwa wameizoea tangu tumboni. Ndoo zilijaa, zikaenda, zikarudi. Walipika ugali, walifua mashuka, walioga. Wengine walioga mara mbili, na Ziada hakuwa na ubavu wa kumsema mtu. Walimu waliona shamrashamra kwa mbali wakadhani mgomo umekwisha kwa sababu ya hotuba. Jua lilipoinama, ndani ya tangi kulibaki tope na chura.

Asubuhi ya pili Dokta Dastani aliamka, akajipaka sabuni usoni, akafungua bomba. Bomba likakohoa. Akafika kazini na povu limemkaukia kwenye sharubu. Mwalimu mmoja alikuja hajapiga mswaki, akawa anasalimia kwa kutikisa kichwa. Choo cha ofisi kilifungwa kabla ya saa tatu kwa ajili ya heshima ya wote. Lakini yote hayo walimu waliyastahimili kiume. Hadi saa nne, chupa ya chai ilipoinuliwa ikaonekana nyepesi.

"Hakuna chai?" Dastani aliuliza.

"Hakuna maji, Mwalimu," Ziada alimjibu. "Boza liko safari ya Mtwara mpaka wiki ijayo."

Watu hawa walikuwa wamewahubiria wanafunzi subira mwaka mzima, kwa vielelezo na marejeo. Wao wenyewe hawakufika saa tano. Walitoka kwa pamoja, vikombe mkononi, wakaenda kusimama chini ya dirisha la Mkuu wa Chuo, wakaanza kugonga vikombe kwa vijiko. Na kwa kuwa hawakuwa na wimbo mwingine wa shughuli hiyo, wakaimba ule ule. Dastani ndiye aliyeongoza. Alisahau mstari wa pili.

Wanafunzi walikusanyika pembeni, wasafi, wananukia sabuni. Walimkumbusha Dastani maneno, na Shakila, kwa adabu zote, akawaomba walimu wasiharibu mali ya chuo.

Profesa Ladislaus alitoka kwenye ngazi. Shati lake, kwa mara ya kwanza watu kuliona hivyo, lilikuwa la jana.

"Ndugu zangu," alisema, "maji ni..."

"Usiseme!" Dastani akapiga kelele, na povu la sharubu likadondoka.

Mchana huo huo simu zilipigwa. Kipuri kilichokuwa kinasubiriwa kutoka ng'ambo kikaonekana kwenye duka la vipuri Masasi, rafuni, kimejaa vumbi. Fundi akapanda nacho mlima siku ya pili. Ijumaa pampu ikanguruma, bomba la mabweni likatapika kutu, hewa na mijusi, na mwisho likatoa maji. Jumatatu Profesa akaizindua pampu kwa kukata utepe, akaeleza jinsi alivyokuwa na maono hayo tangu enzi za maharage. Walimu wakapiga makofi. Jina la Ziada halikutajwa, ila alitajwa kwenye kikao cha nidhamu, ambako alishitakiwa kwa kuwapa maji watu wasiostahili.

"Nilimwomba ruhusa Mkuu," alijitetea. "Akasema ndiyo tunachohitaji."

Wajumbe wakamgeukia Profesa. Profesa akaiangalia dari muda mrefu, kisha akasema kwamba lugha ni jambo zito. Wakampa Ziada onyo, wakamnyang'anya ufunguo, wakampa Dastani uenyekiti. Kabla hajatoka, Ziada aliomba jambo moja: tangi la walimu liachwe, chuo kizima kinywe kwenye bomba moja. Wakalikataa kwa kura zote, kwa sababu za kitaalamu ambazo hazikufafanuliwa.

Lakini lile tangi halikuwa na habari za kura. Lilikuwa limekaa tupu siku zote hizo kwenye jua la Oktoba, na saruji kavu ikafanya inavyofanya. Boza liliporudi na kulijaza, ufa ulifunguka kutoka juu hadi chini, na maji ya walimu yakatelemka mteremko mzima kuelekea bondeni, kwa wenye Ruvuma yao. Kujenga jipya, mhasibu alisema, ni mchakato. Basi nyumba za walimu zikaunganishwa na bomba la mabweni, kwa muda tu.

Muda huo mpaka leo haujaisha. Maji yanapokuwa na mgao, asubuhi utawaona wote kwenye foleni moja, ndoo za plastiki za kila rangi, maprofesa na wa mwaka wa kwanza. Wanafunzi humpisha Dastani mbele kwa sababu ya umri, naye hukataa mara moja kisha hukubali. Ziada husimama nyuma, akisoma kazi za wanafunzi wake, na aliyechelewa kuileta huulizwa kwanza kama aliyapata maji.

Mwezi wa pili wa foleni hiyo pampu ikasimama tena, ghafla, Dastani akiwa ndiye anayefuata kwenye foleni. Akaitazama ndoo yake. Akaweka simu sikioni pale pale, mbele ya watu, akimwita fundi kwa jina, kisha kwa jina la mtoto wake, kisha kwa jina la Mungu.

Fundi alifika kabla ya saa nne.